Je, Wajua? Karatasi za Katavi Zimetapakaa Dunia Nzima

Sibwesa ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, katika nchi ya milima na miombo iliyo kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa pale akiambiwa na mwalimu wake aandike historia ya kwao, atawaendea wazee, na atakuwa amefanya vyema. Lakini akitaka maandishi, yaani barua, shajara, ramani na orodha za watemi wa zamani, ajiandae kwa nauli nene. Yako Dar es Salaam, Roma, Ubelgiji, London na Japani. Mengine, yanayohusu bidhaa zilizopita njia hizi, yako katika miji midogo ya Marekani ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia. Tuanzie huko mbali, kisha turudi nyumbani polepole.

Je, wajua kwamba biashara ya Zanzibar inasomeka katika makabrasha ya mji mdogo wa Massachusetts?

Mji wenyewe ni Salem. Mwaka 1799 manahodha wake waliunda chama chao, East India Marine Society. Hukuingia humo kwa kujuana. Ulitakiwa uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Lakini kanuni iliyotuachia faida sisi ni nyingine: mwanachama aliyekuwa akisafiri alipewa daftari tupu, aandike aliyoyaona njiani, na akirudi alikabidhi chamani. Ndiyo maana leo tunajua bei za bandari na upepo wa msimu kwa kalamu za watu waliokuwa wakitafuta faida tu.

Wamarekani walikuwa wameshaanza mchezo huo mapema. Massachusetts Historical Society ilianzishwa mwaka 1791, taifa lao likiwa bado changa kabisa. Mwaka 1812, mchapaji Isaiah Thomas akaanzisha American Antiquarian Society mjini Worcester, na yeye hakuchagua: magazeti ya mtaani, vipeperushi na matangazo, vyote aliviona vinafaa kutunzwa. Jirani zake bila shaka walimwona mtu wa ajabu anayejaza nyumba takataka.

Sasa fuata uzi. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja. Aliitwa Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem. Aliandika barua na shajara kwa wingi. Katika shajara hizo Waters anachukia utumwa kwa dhati, huku kazini akishirikiana kila siku na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, katika kisiwa ambacho mizigo yake ilibebwa na watumwa. Karatasi ndizo zilizomuumbua. Angeandika hesabu za mauzo peke yake, tusingelijua hilo. Mwaka 1965 wanahistoria Norman Bennett na George Brooks walichapisha mkusanyo wa barua za wafanyabiashara wa Kimarekani, za kuanzia 1802 hadi 1865, na mpaka leo mtu anayeandika juu ya Zanzibar ya karne ya 19 hawezi kuuruka.

Katavi inaingiaje hapo? Kwa kitambaa. Merekani iliyoshushwa Unguja kutoka viwanda vya Massachusetts ilipanda na misafara hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi kandokando ya Ziwa Tanganyika, ikalipa chakula, hongo na pembe. Hesabu za mzigo ule ziliandikwa Salem. Upande wa huku, aliyeipokea doti ya mwisho hakuandika, na hakuwa na sababu ya kuandika.

Je, wajua pembe ziliishia wapi?

Nyingi ziliishia kwenye vinanda. Katika jimbo la Connecticut, vijiji viwili vya Mto Connecticut, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kukata pembe za ndovu ziwe vibao vyeupe vya piano. Makampuni makubwa yalikuwa mawili, Pratt, Read na Comstock, Cheney. Jina Ivoryton lenyewe limetokana na pembe. Vitabu vya kampuni ya Pratt, Read vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Marekani mjini Washington. Ndovu wa Afrika Mashariki wana kumbukumbu nzuri zaidi Connecticut kuliko baadhi ya watemi wetu.

Je, wajua kwamba ndovu wa India waliwahi kutembezwa kutoka Msasani kuelekea Karema?

Hili si hadithi ya jioni. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeanzisha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika mwaka 1876, alichoshwa na gharama za wapagazi. Akashauriwa atumie ndovu waliofugwa. Mwaka 1879 Frederick Carter alileta wanne kutoka Bombay, akawashusha Msasani karibu na Dar es Salaam, na safari ikaanza pamoja na walezi wao wa Kihindi. Mwaka huohuo nahodha Mbelgiji Ernest Cambier alianzisha kituo Karema, ufukweni mwa ziwa, katika nchi ambayo leo iko wilaya moja na Sibwesa.

Mmoja mmoja walikufa njiani. Aliyefika Karema ni jike mmoja tu, Pulmalla, naye hakuishi muda mrefu. Carter mwenyewe hakurudi kwao: mwaka 1880, akiwa na mwenzake Cadenhead, aliuawa Mpimbwe, ambako sasa ni Katavi vilevile, katika vita ambavyo majeshi ya watemi Mirambo na Simba yalilishambulia boma la huko. Nadhani Leopold hakuelewa kwamba njia za misafara zilikuwa na wenyewe. Ndovu wa kufugwa wasingeweza kumshinda Mirambo.

Aliyeshika Karema tangu 1882 alikuwa ofisa Mbelgiji Émile Storms. Mwishoni mwa 1884 wapiganaji wake walimuua mtemi Lusinga ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na Storms akabeba fuvu lake hadi Ubelgiji. Karatasi za Storms ziko katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, mahali palepale zilipo nyaraka za Henry Morton Stanley. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani ya Brussels iliondolewa mwaka 2022. Karatasi zake zimebaki, na ni vizuri zibaki, kwa kuwa ni ushahidi dhidi yake.

Je, wajua kwamba Stanley na Livingstone walipita nchi hii wakiwa wawili?

Watu hukumbuka Ujiji tu, walikokutana Novemba 1871. Wanasahau kwamba mwisho wa mwaka ule walishuka na mitumbwi kusini, wakaacha ziwa katika nchi ya Watongwe, wakapanda kwa miguu kupita Ukawendi, na kuingia Tabora Februari 1872. Hapo Tabora, mwezi Machi, Livingstone alimkabidhi Stanley daftari lake lililofungwa kwa lakiri alipeleke Uingereza. Kabla ya hapo, akiwa Nyangwe nchini Kongo, karatasi zilikuwa zimemwishia kabisa. Aliandika juu ya gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea. Wino ule ulififia hata maandishi hayakusomeka, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyapiga picha kwa miale maalumu na kuyatoa upya.

Je, wajua kwamba mapadre wa Karema walilazimishwa kuandika shajara?

Hapa ndipo penye hazina, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1885 Leopold, akiwa ameshapata Kongo aliyoitaka, aliwaachia Mapadre Weupe kituo cha Karema. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, aliyekuja kuwa kardinali, mtu aliyependa kanuni. Kila kituo kiwe na wamisionari wasiopungua watatu. Wajifunze lugha ya wenyeji. Na kila siku mmoja wao aandike shajara ya kituo, nakala ipelekwe makao makuu. Ni kanuni ya manahodha wa Salem imevaa kanzu: andika, kisha kabidhi.

Matokeo yake ni kwamba kwa mwambao wa Karema kuna rekodi ya miaka mingi mfululizo, ya mvua, magonjwa, wageni, ugomvi wa watemi na watoto waliokombolewa utumwani. Shajara hizo ziko Roma, katika hifadhi ya nyaraka ya shirika, na zimeandikwa kwa Kifaransa. Askofu wao Adolphe Lechaptois alitoa kitabu kizima juu ya mwambao huu mwaka 1913. Padre Avon aliandika juu ya maisha ya Wabende katika jarida la Anthropos, lililokuwa likichapwa Austria, toleo la 1915 na 1916, Ulaya ikiwa katikati ya vita.

Msomaji asilewe, hata hivyo. Shajara ya padre huandika alichokiona padre. Mwanamke aliyepika, aliyelima na aliyezika watoto wake haonekani humo ila pale alipobatizwa, kuolewa au kufa. Ibada za mizimu huandikwa kama ushirikina wa kufukuzwa. Katabi, mzimu mwindaji ambaye kwa imani za Wabende anaishi katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na ambaye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 inaitwa kwa jina lake, hakupata mwandishi wake mwenyewe. Habari zake zilibaki vinywani, na huko zilibaki salama kuliko tunavyodhani.

Je, wajua kwamba daktari wa Karema alitokea karibu na Timbuktu?

Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 upande wa Mto Niger, akatekwa utotoni, akauzwa kupita Sahara, na Mapadre Weupe wakamnunua Algeria ili wamwachie huru. Walimpeleka Malta kusoma udaktari. Alifika Karema kabla ya karne ya 19 kwisha, mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa huko, akatibu watu wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 60 kituoni.

Kilichomweka katika historia si sifa za mapadre peke yake. Atiman aliyaandika maisha yake mwenyewe, na mwaka 1946 yakachapishwa katika Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936 na ambalo mabwana shauri, wapimaji na walimu walilitumia kuandika kila walilolijua juu ya wilaya zao. Katika kurasa nyingi za jarida lile wageni wanatueleza sisi. Za Atiman ni miongoni mwa chache ambamo Mwafrika aliyepitia utumwa anajieleza.

Je, wajua kwamba nyaraka za Wajerumani ziliwahi kuzikwa?

Katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilipokimbia kutoka pwani, ilibeba mafaili yake hadi Tabora, na mwaka 1916, adui akiwa karibu, ikayafukia ardhini. Baada ya vita yalifukuliwa. Miaka ya 1960 wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani Magharibi walikuja kuyapanga na kuyatengeneza, na mwaka 1997 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Leo yako Upanga, Dar es Salaam, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mchwa wa Tabora wanajulikana. Kupona kwa karatasi zile ni bahati kubwa.

Je, wajua Kitabu cha Wilaya?

Mwingereza naye alikuwa na kanuni yake. Kila boma liliweka kitabu kikubwa cha kurasa za kuongezwa, chenye vichwa vilivyopangwa: makabila, watemi, mila za ndoa na urithi, mvua, barabara, mazao. Bwana shauri alipohamishwa alimwachia mwenzake. Mpanda ilikuwa na chake. Asili ziko Dar es Salaam, na nakala za filamu zilifika London.

Kitabu hicho kina thamani, lakini kisome kwa jicho moja likiwa wazi. Kuanzia 1925, chini ya Gavana Donald Cameron, serikali ilitawala kupitia watemi, kwa hiyo ilihitaji watemi wenye nasaba safi. Palipokuwa na ukoo mmoja wa kudai kiti, kazi ilikuwa rahisi. Palipokuwa na watu wa koo nyingi waliohamahama, kama Watongwe wa milimani, bwana shauri alilazimika kuchagua, na aliyechaguliwa ndiye aliyeandikwa. Kuna migogoro ya wazee ambayo hata leo inajibiwa kwa kunukuu ukurasa ulioandikwa na kijana wa Kiingereza aliyekaa miezi michache.

Magharibi ya Tanganyika ilikuwa na sababu ya pili ya kuandikwa sana: malale. Miaka ya 1920 na 1930 serikali, ikiongozwa na madaktari kama George Maclean, iliwahamisha watu kutoka misitu ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Vijiji vilivyoachwa vikamezwa na miombo, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zao za maandishi ni ripoti za afya. Sababu ya tatu ilikuwa risasi, madini si silaha: mgodi wa Mpanda ndio uliofanya reli ivutwe kutoka Kaliua na kufika mwaka 1950. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na watu wa Mpanda wamepanda treni ile tangu hapo.

Uhuru ulipokaribia, mafaili mengine yaliondolewa au kuchomwa makusudi. Waingereza walikiri mwaka 2011 tu, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, kwamba walikuwa wameficha maelfu ya mafaili ya makoloni 37, Tanganyika ikiwemo. Sasa yanasomeka Kew, London.

Je, wajua kwamba majina ya mimea kwa Kitongwe yalichapishwa Kyoto?

Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuchunguza sokwe wa milima ya Mahale mwaka 1965. Waliomwonyesha njia walikuwa Watongwe, na ilibainika mapema kwamba waliijua mitishamba yote ya mlima. Mwaka 1981 yeye na Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Makoto Kakeya naye alikaa na Watongwe tangu miaka ya 1970, akiandika walivyolima, walivyowinda na walivyotibu. Mwaka 2006 mtaalamu wa lugha Yuko Abe alitoa msamiati wa Kibende, uliochapwa Tokyo.

Tarehe hizo zina uzito. Katikati ya miaka ya 1970 Watongwe wa Mahale walihamishiwa vijiji vya Ujamaa, na mwaka 1985 milima yao ikawa hifadhi ya taifa. Wajapani waliandika wakati mambo yakiwa yanaondoka. Kijana wa Sibwesa anayetaka jina la mti ambao babu yake alitumia kutibu tumbo, huenda akalipata upesi zaidi katika jarida la Kyoto kuliko nyumbani, na hilo ni la kutusikitisha kidogo.

Je, wajua nani mwingine aliandika hapa?

Wakimbizi, au kwa usahihi, waliowasimamia. Wanyarwanda waliletwa nyanda za Mwese miaka ya 1960, wakihudumiwa na shirika la Kilutheri la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964. Warundi walifunguliwa makazi Katumba baada ya mauaji ya 1972, na Mishamo mwaka 1978. Huko Mishamo, mwaka 1985 na 1986, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alirekodi jinsi wakimbizi wenyewe walivyoisimulia historia yao, na kitabu chake cha 1995 kinasomwa vyuoni dunia nzima. Kisha ikaja karatasi iliyobadili maisha: Warundi 162,156 walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika familia nyingi za Katavi cheti kile leo hutunzwa kwa uangalifu kuliko hati nyingine ya nyumbani.

Je, wajua kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji unaweza kuwa pesa?

Katika Wilaya hii ya Tanganyika, vijiji vinane, vikiwemo Mwese, Katuma na Lugonesi, vinalipwa kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata katika biashara ya hewa ukaa. Pesa hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mradi wa namna hii hutegemea karatasi: mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo, na muhtasari wa mkutano mkuu. Kijiji ambacho daftari lake limeliwa na panya hakina cha kuonyesha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inadai kuwe na daftari la ardhi, na masjala ya ardhi ya kijiji ndiyo mahali pake.

Masjala ile ni mwanzo mzuri kwa mambo mengine pia. Vitabu vya MTUHA vya zahanati vinaonyesha magonjwa ya kata kwa miaka, rejista za shule zinaonyesha nani alisoma na nani aliacha, na mihtasari inaonyesha nani alipewa shamba na kwa mashahidi gani. Nyaraka za serikali zina sheria yake, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka namba 3 ya mwaka 2002, na hakuna anayeruhusiwa kuziteketeza kwa kujiamulia. Yanayokosa ulinzi ni ya majumbani: daftari la marehemu mwenyekiti, barua za kaka aliyekwenda mgodini, picha zisizo na majina nyuma.

Ukiwa nayo, msomaji wa Sibwesa au wa kokote, usiyauze kwa kilo kufungia karanga. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli, funga daftari katika mfuko mkavu, liweke mbali na sakafu, na umwambie mtu mmoja mdogo kuliko wewe lilipo.